Mlango wa Joviana Haufungwi

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Bugene, na mlango wa Joviana Kashaija uko wazi. Baridi inaingia inavyotaka. Yeye ameketi mkekani, mkono wa kulia unazungusha cherehani, wa kushoto unasukuma kitambaa cha sare ya shule.

"Karibu, ila usifunge mlango," humwambia kila mgeni, hata kabla ya salamu.

Joviana, mwenye miaka 38, alipata polio akiwa na miaka mitatu. Hutembea kwa mikono, ndala zikiwa viganjani. Zamani alimaliza sare nne kwa siku. Sasa zikifika mbili, anashukuru, kwa maana mkono wa kushoto una kovu la moto na vidole viwili havikunjiki.

Julai mwaka jana kulikuwa na msiba Ihanda, kijiji cha jirani. Huku mtu mzima asipokwenda msibani atasemwa mpaka achoke. Mama yake, Benadeta, alibandika maharage, akamwacha Joviana na baba yake aliyepooza, kisha akafunga mlango kwa kufuli la nje.

"Niliogopa wezi," anasema Benadeta, macho chini. "Nilijua nawalinda."

Moto ulitoka jikoni ukashika nyasi zilizotandikwa sebuleni, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za huku. Joviana alipiga yowe hadi sauti ikakauka. Nani amsikie? Majirani wote walikuwa wanazika.

Dastan, dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita, aliona moshi, akavunja kufuli kwa jiwe. Joviana alikuwa nyuma tu ya mlango.

"Hakujua anishike wapi," anasimulia. "Alivuta miguu, akaacha, akavuta mkono ulioungua. Tukapoteza muda pale. Baba alikuwa chumbani, ananiita. Kisha akanyamaza."

Dastan aliporudi ndani, paa lilikuwa limeshuka.

Joviana anasimamisha cherehani. Ni vigumu kumtazama.

Kesho yake majirani walijaa uani. Wakamlaza Mzee Kashaija kwenye machela ya kijiji, wakambeba hadi kaburini mgombani, kila mwanamume akitaka kushika mpini. Joviana anawashukuru kwa hilo. Hasira pia anayo, wala haifichi.

Tangu hapo ameomba mambo matatu: ufunguo wa pili ukae kwa jirani, watu wawili wabaki kijijini kila kunapokuwa na msiba, na chama cha machela, kinachobeba wagonjwa na maiti wa kijiji, kifanye mazoezi ya kumtoa ndani. Ufunguo umeshakaa kwa jirani. La pili bado wanavutana. La tatu limegonga mwamba.

"Binti yangu, tukiitoa machela bila mgonjwa wala maiti, tunajiitia msiba," alisema Rogasian, mwenyekiti wa chama, kwenye mkutano. Si mtu mbaya. Ndiye aliyechimba kaburi la mzee.

"Msiba ulikuja bila kuitwa, mzee wangu," Joviana alimjibu, na mkutano ukaishia hapo.

Jumapili hii, baada ya ibada, atawasilisha ombi lake kwa mara ya tatu. Dastan ameahidi kumpeleka.

"Nachangia machela ile mwaka wa kumi na moja sasa, kama wenzangu," anasema. "Nikifa watanibeba vizuri, hilo sina shaka nalo. Naomba wajifunze kunibeba nikiwa hai."