Mume Wangu Alimpulizia Mbwa Pumzi

Aliyetuandikia anaishi Temeke. Jina lake na la mumewe tumeyaondoa, maneno mengine yote ni yake mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, ni mke wa mtu, na hapa ninapoandika nimekaa chumba cha uani nyumbani kwa kaka yangu, nimenuna. Nimerudi kwetu. Watu wote wanadhani wanajua kwa nini, na wanacheka. Jina langu lificheni, maana nikijulikana nitaimbwa ngomani.

Mume wangu ni msaidizi katika hospitali ya wanyama. Nilipoolewa nilidhani kazi yake ni ng'ombe na mbuzi, kumbe zaidi ni mbwa wa Wazungu. Akirudi alikuwa anaoga uani kabla ya kuingia ndani, nguo za kazi anazifua mwenyewe, nami napika, tunakula sinia moja kama mke na mume.

Jumapili moja mchana nimeshapakua wali na mchuzi wa papa, gari likasimama mlangoni. Dereva wa Mzungu mmoja wa Kurasini akashuka amebeba jibwa la kahawia, ulimi uko nje umegeuka rangi ya zambarau. Lilikuwa limekwamwa na mfupa kooni. Daktari mwenyewe alikuwa safarini bara, ndipo dereva akaelekezwa kwetu.

"Bwana, huyu akifa mie kibarua changu kimeota nyasi," akasema.

Mume wangu akaacha wali. Akalilaza jibwa barazani, juu ya mkeka wangu wa kukaribishia wageni, akalipanua mdomo akaingiza mkono. Mate yanavutika kama mlenda. Mfupa akautoa, lakini jibwa lilikuwa limeshalegea, halipumui. Basi akapiga magoti, akalifumba mdomo kwa mikono miwili, akaweka kinywa chake juu ya pua ya mbwa, akapuliza. Kinywa hicho hicho anachokula nacho chakula changu. Akainuka, akatema, akainama tena. Akanipigia kelele nilete kitambaa, nami kwa kupumbaa nikamvulia kanga ya mabegani, akamfutia mbwa makamasi. Majirani wamejaa, Bi Zuhura wa nyumba ya pili kaziba pua.

Halafu nikamsikia anasema, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, "Usiondoke, mama. Usiondoke, mie nipo hapa."

Anamwambia mbwa. Mbwa akakohoa, akatapika mkekani, akafumbua macho, na mume wangu akalia machozi mbele za watu. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika pia.

Kwenye najisi sina la kumlaumu. Alijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, na mkeka na kanga vilevile. Alisukutua mpaka midomo ikachubuka. Lakini jioni mkono wake uliposhuka kwenye sinia, mate yakanijaa kinywani nikashindwa kumeza. Kesho yake hivyo hivyo. Nikaanza kumpakulia peke yake kwenye sahani, kama mpita njia. Alipotaka kunishika nikamwambia aende kwa mkewe wa Kurasini. Mwisho nikafunga nguo zangu nikaja kwa kaka.

Kaka yangu akaenda kumuuliza sheikh wa msikitini. Akarudi amekasirika.

"Sheikh anasema mumeo ni twahara, na jambo alilofanya ni jema, kile nacho kiumbe cha Mungu. Sasa wewe unataka aoshwe na nani?"

Wifi yangu akanitazama uso, akanitazama tumbo, akacheka. "Mwacheni, bwana. Huyu ana mimba, na mimba imemkataa mumewe. Itapita."

Nyumba nzima ikafurahi. Mume wangu akapelekewa habari, na sasa kila jioni analeta maembe mabichi, anakaa barazani kwa kaka kama mtu anayeposa. Mimi sitoki.

Wifi hakukosea, mimba ninayo. Lakini mimba haina kosa hapa.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu mimba yangu ya kwanza iliharibika, asubuhi, chumbani kwetu. Nilikuwa sakafuni nimeshika mguu wa kitanda, damu imefika karibu na mlango. Mume wangu alisimama kizingitini, hakuingia. Nilimwita. Akasema, "Hayo mambo ya wanawake, ngoja nikuitie Bi Zuhura." Kisha akaniuliza shati lake la kazi liko wapi. Nikamwambia liko kwenye kamba. Akalichukua akaenda kazini. Jioni akasema Mungu atatupa mwingine, akataka chakula.

Miaka yote hii nilikuwa namtetea moyoni. Nilijisemea damu inamtisha, wanaume wengine ndivyo walivyoumbwa, hawajui kumshika mtu anayeumia. Kumbe anajua. Anajua kupiga magoti, anajua kulia, anajua na maneno ya kusema. Mate ya mbwa yameoshwa, yamekwisha. Ile sauti yake ndiyo inayonitia kinyaa, na hiyo sijui inaoshwa kwa udongo gani.

Kaka amesema Ijumaa baada ya sala mume wangu anakuja kunichukua, na nisimtie aibu. Haya niliyoyaandika sijamwambia mtu, hata mume wangu mwenyewe, maana nikiyasema watajibu kwamba ni maneno ya mimba. Nikirudi nalala chumba kile kile, kitanda kile kile, na tumbo hili.

Nyie mliozaa na kukaa na waume, nipeni la kufanya kabla ya hiyo Ijumaa. Nimwambie yote mbele ya kaka, nirudi kimya kimya, au nikatae nizalie hapa hapa? Maana nikianguka tena pale sakafuni nikamwita, sijui kama ataingia, au ataniuliza shati.