Bi Raya na Betri za Harusi

Sokoni Ngara, ukiuliza kama betri ya kuchaji ni nzima au ni takataka, watu watakuelekeza kwa kidevu kwenye meza ya Bi Raya. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya chumvi na khanga. Yeye mwenyewe, tangu azaliwe, hakuna aliyemsikia akikubali kwamba amekosea.

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipoanza kuvuka mpaka tena, alimjia kijana mmoja, Ndikuriyo, amekumbatia spika ya kuchaji kama aliyebeba jogoo wa posa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Spika inaumwa nini?"

Spika haikuumwa. Ndikuriyo alikuwa anamuoa Adelfina wa Nyamiaga Jumamosi. Mama wa kijana, Claudia, alikuwa kambini Kibondo, hana kibali cha kutoka. Na mzee Bartholomayo, baba mkubwa wa bibi harusi, alikuwa ameshatamka: binti hatoki ndani mpaka uwanja mzima umsikie mama mkwe akimpokea kwa kinywa chake. Basi mama angesema kwa simu, simu ishikwe kwenye kipaza sauti, spika itangaze. Pale nyumbani umeme hakuna. Betri zikizima, na harusi imezima.

"Nimenunua mpya," akasema, akatoa mbili, nene kama kidole gumba, zimeandikwa namba kubwa kubwa za nguvu.

Bi Raya akavuta mizani yake ya kupimia dagaa. Sahani hii akaweka betri ya kijana, sahani ile betri aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Ya kijana ikapaa juu.

"Nyepesi. Humu wamejaza unga."

"Lakini Mama, namba yake inaishinda ya kwako!"

"Hata mimi naweza kujiandika mgongoni Mkuu wa Wilaya. Utanipigia saluti?"

Meza ya jirani, binamu yake Hatibu, fundi simu, alicheka mpaka bisibisi ikamtoka.

Bado kipimo cha pili. Spika hunywa umeme kwa pupa, si kama tochi, na betri isiyoweza kutoa umeme mwingi ikilazimishwa huchemka, hata ikalipuka. Ya kijana akaiunganisha na balbu ya pikipiki, akaifumbata kiganjani. Akaiachia upesi, anapuliza vidole. Zake mbili za kompyuta zilibaki baridi, balbu ikang'aa rangi ya kiini cha yai.

"Hizi ndizo. Jumamosi nitazileta mwenyewe."

Sasa sikia ukaidi wa mtu mzima. Bi Raya alianza kuuza betri miaka ya wakimbizi wa Rwanda, kambi ya Benako imefurika watu na kila hema lina redio. Betri za redio zikichoka, dawa ilikuwa moja: anika juani, zipate moyo. Basi Jumamosi asubuhi zile mbili akazilaza juu ya bati, kando ya maharage.

"Binamu!" Hatibu akapaza sauti. "Hizo ni lithiamu! Hazitaki jua!"

"Wewe ulikuwa unanyonya, mimi naanika betri."

"Zitakuchoma!"

"Kanyonye."

Jua la kiangazi halina utani. Alipozirudia zilikuwa za moto kama mafiga. Akajikaza, akaunganisha moja na balbu. Ikapiga mluzi, ikafuka moshi wenye harufu tamu tamu. Akaitupa kwenye ndoo ya mchanga, khanga ikamwanguka, soko zima likapiga yowe. Ya pili hata kuigusa hakuthubutu. Hakuungua popote ila kwenye fahari yake.

Na harusi ni saa nane.

Akaenda kwenye meza ya Hatibu, kidevu juu.

"Una betri?"

"Sema kwanza, binamu."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Bi Raya akatazama bati, akatazama watu waliokwisha kusogea kusikiliza. "Jua la siku hizi," akasema, "limezidi ukali."

Hatibu akajipiga paja. "Nimepokea! Kutoka kwako hiyo ni sadaka!" Akatoa betri nne, bado zimo kwenye plastiki.

Bila haya Bi Raya akazipandisha kwenye mizani, kisha kwenye balbu, mbele ya macho ya mwenyewe. "Mbili nzima. Hizi mbili katupe."

"Umeazima, halafu unachagua?"

"Zikizima, utaolewa wewe?"

Nyamiaga uwanja ulikuwa umejaa, Ndikuriyo anatiririka jasho ndani ya koti la kuazima. Bi Raya akateremka kwenye pikipiki, akazisukumia betri ndani ya spika. Simu ikaita. Ikapokewa. Kipaza sauti kikasogezwa, watu wakatega masikio.

Sauti ya Claudia ikatoka nene, ikavuka migomba hadi barabarani: "Adelfina, mwanangu, nimekupokea. Nyumba yangu ni yako, hata kama leo ni hema. Huyo mwanamume anakula sana na anakoroma. Usimwonee huruma."

Uwanja ukaangua kicheko. Mzee Bartholomayo akasimama, akavua kofia.

"Tumemsikia mkwe. Mtoeni binti!"

Vigelegele vikapasuka, ngoma zikaitika, Adelfina akatokea mlangoni amejaa tabasamu.

"Nyie!" ikanguruma spika. "Mnashangilia nini? Sijamaliza!"

Na hakumaliza mpaka wali ukapoa.