Neno Fupi Lililomshinda Mwanasiti

Saa nne asubuhi, Utende, kisiwani Mafia. Maji yamekupwa, fungu la mchanga liko wazi mbele ya nyumba ya wageni, na Mwanasiti Iddi amekaa mapokezi mgongo wima, mikono imebana ukingo wa meza. Leo anajaribiwa kwa mara ya pili. Akiharibu anarudi kufua mashuka, na safari hii hadhani kama ataitwa tena.

Mama huyu wa watoto wawili, mzaliwa wa kisiwa jirani cha Chole, hakumaliza darasa la saba. Kiingereza amekiokota kazini, akikunja mashuka na Ruwaida, mhudumu wa mezani, aliyekuwa akimpa maneno matatu kila siku.

"'Book' nilijua ni kitabu, basi," anasema. "Kumbe mtu akiweka nafasi ya chumba, nayo ni 'book'. 'Change' ni chenji, na shuka likibadilishwa ni 'change' vilevile. Nikamwambia Ruwaida, maneno ya wenzetu nayo yanafanya kazi mbilimbili kama sisi."

Hayo aliyaweza. Kilichomponza ni adabu.

Mwezi uliopita, alipokuwa ndiyo kwanza ameshikishwa mapokezi, kijana mmoja mgeni alitaka kujua iwapo angeweza kutembea hadi kwenye fungu. Kwao Chole, mgeni hakatazwi usoni. Unamwambia maji yanajaa, naye anaelewa kuwa amekatazwa. Mwanasiti akatabasamu, akamwambia kwa Kiingereza safi kabisa kwamba maji yanakuja. Kijana akashukuru, akaenda zake.

Mudrik, nahodha wa boti, alimkuta maji yamemfika kifuani, mkoba kichwani. "Tungechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunazungumza mengine," anasema.

Meneja hakutaka maelezo. Mwanasiti aliondolewa mapokezi siku hiyohiyo, akalia katika chumba cha kufulia mpaka macho yakavimba.

"Sikulilia kazi," anasema. "Nilimlilia mama wa yule kijana."

Tangu hapo Ruwaida akawa na zoezi moja tu. Anamwomba kitu, kisha anamwambia, "Dada, kataa." Mwanasiti anacheka, anainamisha uso, neno linamshinda.

Sasa mgeni, mama wa makamo, anashuka ngazi na viatu mkononi. Maji yameshaanza kurudi. Anauliza, kidole kikielekea kwenye fungu. Meneja, meza ya pembeni, anaacha kuandika.

Mwanasiti anatabasamu kwa mazoea. Kisha tabasamu linamtoka.

"No," anasema.

Mgeni anakunja uso. Mwanasiti analirudia neno lake, na ndipo anapoeleza kuwa maji yanakuja. Mgeni anaitazama bahari, anavaa viatu, anaagiza chai.

Kufikia adhuhuri fungu halionekani. Meneja amemwambia aje mapokezi na kesho. Mwanasiti anaomba Mungu abaki hapo kwa kudumu, na anapanga kuwafundisha wanawake wa Chole wanaotafuta kazi kwenye nyumba za wageni.

"Nitaanza na hilo neno moja," anasema, akipatazama mahali fungu lilipokuwa. "Mengine watayaokota."