Nilitupa Unga wa Chuma, Akafukuzwa Mama Zuhura

Nimekosa, ndugu zangu. Jina langu nalificha kwa aibu tu, lakini kosa silifichi tena.

Mimi ni Mkenya, nasoma kemia hapa Kampala, nimepanga chumba Wandegeya. Kazi yangu maabara ilikuwa kutengeneza unga wa chuma wa kusafishia maji machafu. Unga huo si wa kuchezea! Msumari hewa huugusa juu juu tu, ukashika kutu polepole. Lakini chuma kikivunjwa hadi chembe ndogo kuliko kijidudu, karibu chote kinakuwa nje, hakina ndani. Hewa inakivamia kwa mpigo na kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Ndiyo maana tunakihifadhi ndani ya spiriti, kisikauke.

Nilijua yote hayo. Nilikuwa nawafundisha wenzangu!

Mchana ule unga wangu uliharibika. Ilitakiwa niuloweke kwenye ndoo ya maji, nje, hadi uishe nguvu. Nilikuwa na njaa na hasira. Nikaikunja karatasi ya kuchujia na unga wake, nikaitupa kwenye pipa la taka, nikaenda kula roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai.

Niliporudi nikasikia mwanamke anapiga kelele.

Mama Zuhura, Mnubi aliyesafisha jengo letu, alikuwa amebeba mfuko wa taka. Karatasi ilikuwa imekauka mle ndani. Moto ulimrukia mkononi. Kile kiganja... banange, sitaki kukikumbuka!

Mkuu wa maabara alikuja mbio. Wasafishaji huchemsha chai kwenye sigiri ya makaa nyuma ya jengo, basi akahukumu papo hapo.

"Umemwaga makaa ya moto kwenye taka!"

"Wallahi hapana, dokta," alisema Mama Zuhura, mkono ukiwa ndani ya maji. "Leo mimi hata sijawasha sigiri. Uliza huyu, alikuwa hapa asubuhi yote." Akanigeukia. "Mwanangu, waambie."

Niliwaza ufadhili wangu, nikamwaza baba yangu anavyojisifu kanisani kwa ajili yangu.

"Mimi nilikuwa nimetoka kula," nikasema. "Sikuona kitu."

Aliniangalia. Jioni hiyo akafukuzwa kazi.

Kuanzia hapo kila mlango ukigongwa nilishtuka. Wakaleta msichana mwingine wa kusafisha. Siku moja nikamwona anauinua mfuko wa taka, nikamrukia na kumpokonya, napiga kelele kama mwehu. Mfuko ulikuwa na maganda ya ndizi tu. Maabara nzima ikaniangalia. Mkuu akauliza, "Una nini wewe?" Nikaanguka kitini, nikasema yote.

Maabara nilitolewa, ufadhili ukakatwa. Mama Zuhura aliitwa arudi, akakataa.

Nilimfuata kwake Kisenyi kuomba msamaha. Alifungua mlango kwa mkono wa kushoto. Vidole vya kulia havikunjiki. Nikapiga magoti palepale mlangoni.

"Inuka," alisema. "Moto mimi nimesamehe. Moto haijui mimi ni nani. Wewe unanijua."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole.

Wewe unayesoma haya, nakusihi! Ukimwona mtu anaulizwa kosa lako, usimwache ajitetee. Mkatize, sema ni wewe. Sema angali anakutazama, anakungoja ufungue mdomo. Mimi niliyasema baadaye, na watu wote wakayasikia isipokuwa yeye.