Maji ya Udhu Chini ya Barabara ya Laeken

Siku yangu ya kwanza kazini, niliposhuka chini ya barabara ya Laeken mjini Brussels, nilisema Bismillahi, kisha nikashangaa. Nilidhani nitakuta bomba. Nikakuta mfereji wa maji machafu, njia ya matofali iliyojengwa enzi za mababu wa Wabelgiji, mtu anapita humo karibu wima. Palinuka, lakini nilishukuru. Nilikuwa nimetoka Bujumbura mikono mitupu, na riziki yangu ikawa katika usafi wa watu.

Miaka ile ya tisini tulilaza bomba jipya, tukahamishia humo maji machafu ya kila nyumba, kisha ule mfereji wa zamani tukaujaza saruji kabla mawe ya barabara hayajapangwa upya. Kila nyumba tuliipima kwanza: mmoja anamwaga rangi ya kijani, mwenzake anasubiri chini aone inatokea wapi. Ukimwaga saruji bila kujua, umeiziba nyumba, na uchafu utarudi ndani.

Nyumba moja ilitushinda. Katika ghorofa yake ya chini palikuwa na msikiti wetu mdogo. Tulimwaga ndoo kadhaa, rangi haikutokea popote, na lori la saruji lilikuwa linakuja Jumamosi. Niliogopa kwamba tulipokuwa tukisujudu patajaa maji taka.

Msimamizi wetu, Mflandri mpole, alihisi kwamba bomba la nyumba hiyo limezama katikati na maji machache yanatuama humo. Aliuliza ni lini maji hutumika kwa wingi pale. Nikamjibu Ijumaa, watu wakitawadha.

“Basi waambie wasiyabane,” alisema.

Nilipomweleza imamu, alinitazama kwa huzuni. “Kila wiki nawakataza israfu kwenye udhu. Leo niseme nini?” Akafikiri kidogo, akatabasamu. “Israfu ni maji yasiyo na kazi. Haya yana kazi.”

Ijumaa nilimwaga rangi kwenye tundu la sakafu, waumini wakafungua mabomba yote. Chini, ndani ya mfereji wa zamani, alisubiri mwenzangu wa kazi, Papa Kasongo, Mkristo wa Lubumbashi. Sauti yake ikapanda kunijia kupitia shimo la barabarani:

“Bon, mayi yenu inafika, Papa Hamisi, kijani kabisa. Ambia bale ba zambi mingi banawe tena.”

Kusikia wenye dhambi nyingi wakiambiwa wanawe tena, msikiti mzima ulicheka, imamu naye. Jioni hiyohiyo tuliiunga nyumba kwenye bomba jipya, na Jumamosi saruji ikamwagwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta tukiswali, mikeka mikavu, na imamu akairefusha sijida. Sasa nimestaafu. Wajukuu wakiniuliza nimejenga nini Brussels, sina cha kuwaonyesha, kiko chini ya miguu yao. Alhamdulillahi, hakuna aliyelazimika kukifukua.