Fimbo ya Gia ya Fundi Mbili

Shangazi yangu anashona magauni ya harusi na anafungua injini za pikipiki, na kazi zote mbili anazifanya kwenye chumba kimoja. Upande wa dirishani kuna cherehani, pasi na kioo kirefu. Upande wa mlangoni kuna pikipiki, haikosi moja, saa nyingine mbili, zimepandishwa juu ya makreti ya soda. Katikati amechora mstari wa chaki sakafuni. Grisi haivuki mstari. Na yeye mwenyewe havuki kabla hajanawa kwa sabuni ya unga aliyoichanganya na sukari. Anasugua mpaka kwenye kucha, halafu anajipangusa kwa kitambaa cheupe na kukitazama. Kitambaa kikitoka safi, ndipo anagusa gauni.

Mtaani wanamwita Fundi Mbili. Wateja wageni hudhani ni watu wawili.

"Mwenzako yuko wapi?" mmoja alimuuliza.

"Ananawa mikono," shangazi akajibu, na kweli alikuwa ananawa.

Pikipiki hakuzisomea popote. Mume wake alipoondoka aliacha vitu viwili: pikipiki kuukuu isiyowaka, na ahadi kwamba atarudi kuichukua. Shangazi anasema, "Ahadi haina nati, ningeifungulia wapi? Nikaanza na pikipiki." Alitandika shuka chini akaifungua yote kwa hasira. Lakini fundi cherehani hakati kitu bila kuchora, kwa hiyo kila alichokifungua alikichora kwanza. Injini ile ilikuwa na mfuniko wa pembeni wenye boliti tisa, nyingine fupi, nyingine ndefu. Ukizichanganya, ndefu inaingia mahali pa fupi na kupasua mfuniko. Yeye alichora umbo la mfuniko kwenye katoni, akatoboa matundu tisa, akachomeka kila boliti kwenye tundu lake. Kuzirudisha hakukumpa shida hata kidogo. Baada ya wiki tatu pikipiki ikawaka, ikajaza moshi chumba kizima, na nguo sita za wateja zikabidi zifuliwe upya. Mstari wa chaki ulichorwa siku hiyo.

Pikipiki za zamani anazipenda kwa sababu hazifichi. Ukipiga kiki isiwake, basi ni moto, au petroli, au hewa, unatafuta mpaka unapata. Za siku hizi zina kompyuta chini ya kiti na kitaa cha njano kinachowaka bila kusema kwa nini kimewaka. Mwanzoni alizikataa kabisa. Halafu siku moja mama mmoja anayesambaza mikate alimsukumia ya kwake, mpya kabisa, imezimika barabarani na mikate bado iko kwenye sanduku. Shangazi alifuata waya mmoja mmoja kwa vidole, kama anavyotafuta mshono uliofumuka ndani ya bitana, mpaka akakuta kiungo cha waya kimelegea chini ya tangi. Akakibana. Ikawaka.

"Hizi ni nguo za dukani," akaniambia. "Mshono wameuficha, lakini mshono upo."

Mimi nipo naye pale kila siku, nashona vifungo na pindo. Nimeona mengi ya kumshukuru. Lakini ninaloandika hapa ni lile alilomfanyia baba yangu, ambaye ni mdogo wake.

Baba anasoma mita za maji. Kwa miaka kumi na minne amepanda mtaa wa mlimani na pikipiki yake ya zamani, geti hadi geti, daftari limo kwenye mfuko wa shati. Mwaka jana bati lilimkata mguu, kidonda kikakataa kupona, na hospitali wakauondoa mguu wa kushoto chini ya goti. Akapewa wa bandia. Kutembea alijifunza haraka. Tatizo likawa pikipiki, maana gia inabadilishwa kwa mguu wa kushoto, na ule mguu mpya, alivyosema mwenyewe, haujui kama umekanyaga gia au umekanyaga chura.

Msimamizi wake alimvumilia miezi saba akae nyumbani. Kisha akamwita akamwambia, kwa upole tu, kwamba Jumatatu watapanda mlima pamoja. Baba akiweza kuendesha mwenyewe, njia ile inabaki yake. Asipoweza, atahamishiwa getini, awe anainua na kushusha kizuizi cha magari. Mshahara utakuwa uleule.

Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti, hakuvua hata kofia.

"Getini," alisema. "Mimi nikae, watu wapite."

Shangazi alipopata habari alikuja kuichukua pikipiki bila kuomba ruhusa, akaisukuma mwenyewe mpaka kwake.

Mpango wake ulikuwa fimbo. Alitaka chuma kinachopanda kutoka kwenye gia kule chini mpaka usawa wa tangi, ili baba abadilishe kwa mkono wa kushoto. Akisukuma mbele, gia inashuka. Akivuta nyuma, inapanda. Alikata kwanza mfano wake wa katoni, akaupinda ukwepe goti, akatafuta chuma cha kitanda cha zamani kinachofanana nao. Ijumaa akamwita Cheche, fundi wa kuchomelea wa nyumba ya tatu kutoka hapo.

"Weka nukta mbili tu," shangazi alimwambia. "Nataka kwanza nimvalishe."

"Umvalishe nani, pikipiki?"

"Mdogo wangu."

Cheche akacheka mpaka miwani yake nyeusi ikamshuka puani. "Fundi Mbili, iko siku utaniletea ekzosi uniambie niitie lesi."

"Ukijua kutia lesi nitakuletea. Weka nukta mbili."

Akaweka nukta mbili za moto, zikashika kidogo tu, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi chumba kilikuwa na bibi harusi. Alikuwa amesimama juu ya stuli mbele ya kioo, na shangazi amepiga magoti chini, anamzungushia upindo, pini saba zimebanwa katikati ya midomo yake. Baba akachungulia mlangoni.

"Vipi dada, ile fimbo?"

"Nimeishikiza," shangazi akasema kupitia kwenye pini. Ilitoka kama mtu anayeongea ndani ya mto.

Kwa fundi cherehani, kushikiza ni kupitisha uzi mrefu wa muda tu, uitwao bandi, nguo ijaribiwe mwilini kabla ya kushonwa. Ukiuvuta uzi ule, nguo yote inaachia. Hakuna anayetoka barabarani na nguo iliyoshikizwa. Lakini baba si fundi cherehani. Yeye alisikia kwamba imeshika.

Tulisikia kiki. Shangazi akainua kichwa. Kabla hajatema pini ya saba, pikipiki ilikwisha kata kona.

"Mungu wangu," alisema. "Amevaa bandi."

Hakuna tulichoweza kufanya. Bibi harusi hakuweza kushuka kwa sababu ya pini, na shangazi hakuweza kutulia. Alipiga pini mbili upande, akazing'oa, akazipiga tena palepale. Baada ya kama nusu saa tukaisikia inarudi. Ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba isiyobadilika, kama mbu, na mwendo wake haumzidi mtu anayetembea kwa haraka. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mkono wa kulia. Fimbo ilikuwa kwapani.

"Imeniaga," alisema. "Pale kwenye tangi kubwa la maji. Nimerudi na gia ya pili njia nzima. Kuku wamenipita."

"Si nilikwambia nimeishikiza!"

"Ndiyo! Ukasema imeshika!"

"Kushikiza na kushika ni kitu kimoja?"

"Kwangu mimi, ndiyo!"

"Wewe mtoto wewe, tangu tuko wadogo unasikia nusu ya neno na kukimbia nalo!"

"Na wewe tangu tuko wadogo unaongea na vitu mdomoni!"

Bibi harusi alicheka mpaka stuli ikayumba, na pini moja ikamchoma kisigino, akacheka tena. Lakini baba alipokaa chini niliona anatazama fimbo ile mapajani kwake. Ilikuwa Jumamosi. Imebaki Jumapili tu.

Shangazi akakusanya pini zilizobaki, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Akavuka mstari.

"Ilikatika ukifanya nini?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa naingiza ya tatu."

"Nionyeshe. Panda, nionyeshe mikono."

Baba akapanda, pikipiki imezimwa. Mkono wa kushoto ukabana klachi kwenye usukani. Halafu ukaiacha klachi, ukaenda kwenye fimbo ambayo haikuwepo. Halafu ukarudi kwenye klachi. Akakwama hapo, mkono uko hewani.

"Hapa ndipo penye kazi," alisema. "Nikishika klachi sina mkono wa fimbo. Nikishika fimbo sina mkono wa klachi. Kwa hiyo niliivuta kwa nguvu bila klachi."

Shangazi aliutazama ule mkono hewani. Mimi namjua akitazama hivyo. Huwa anafanya hivyo gauni likimkaa mtu vibaya begani na yeye anatafuta ni mshono upi unaovuta.

"Kumbe Cheche angeichomelea moja kwa moja," alisema taratibu, "isingekatika. Ungepanda nayo mlima Jumatatu, ungeilazimisha hivyohivyo, na ungesaga meno ya gia yote mbele ya msimamizi wako."

"Sasa mkono wa tatu niutoe wapi?"

"Huuhitaji." Akachukua futi yake ya shingoni, akampima baba kutoka begani mpaka kiganjani, kisha kutoka begani mpaka mahali fimbo ilipokuwa, kama anamshonea koti. "Mkono ni mmoja, kazi ni mbili. Basi klachi nayo ihamie kwenye fimbo."

Baba hakuelewa. Mimi pia sikuelewa mpaka nilipoona. Alifungua kile chuma cha kubana klachi kutoka kwenye usukani, akakifunga juu kabisa ya fimbo. Sasa baba akishika fimbo, vidole vinabana klachi papo hapo, na mkono uleule unasukuma au unavuta. Waya wa klachi ulikuwa na urefu wa kutosha, ila shangazi alikataa upite njia ya mkato. Aliuzungusha kwa upole chini ya tangi, kwa sababu waya ukikunjwa kwa ghafla unakuwa mgumu na siku moja unakatika.

Cheche alikuja Jumapili asubuhi. Safari hii shangazi alimsimamia mpaka alipomaliza kuzungushia moto pande zote. Halafu shangazi akapiga msasa, akapaka rangi. Kishikio akakifunika kwa kipande cha ngozi, akakishona kwa mkono, mishono midogo iliyolingana, ambayo hakuna atakayeitazama. Chini, mahali pa mguu wa bandia, akatia kikanyagio kipana chenye ukingo nyuma ili kisigino kisiteleze. Halafu akamfanyisha baba mazoezi kwenye uwanja nyuma ya nyumba mpaka baba akaanza kulalamika kiu.

"Dada," baba alisema aliposhuka, akaishia hapo.

"Usinishukuru. Nyoosha mgongo ukikaa, unakaa kama gunia."

Najua watu waliokatwa mguu na pikipiki yao ikauzwa wiki hiyohiyo, kila mtu akisema ndiyo hali halisi. Kwetu hakuna aliyesema hivyo. Nashukuru kwamba alikuwepo mtu aliyeweza kuutazama mwili wa baba kama anavyotazama mwili wa mteja yeyote. Kwake hakuna mwili uliokosewa. Nguo ndiyo inayorekebishwa.

Jumatatu msimamizi alikuja na pikipiki yake mpya, ile isiyo na gia za kubadilisha kabisa. Aliitazama fimbo, akaigusa klachi juu yake, akamtazama baba.

"Hii ndiyo nini?"

"Utaiona," baba akasema, akapiga kiki kwa mguu wa kulia.

Walitangulia, mimi na shangazi tukasimama kwenye kona ya mwisho ya mtaa, ambapo barabara ya mlimani inaonekana mpaka kwenye mpindo ulio mkali kuliko yote. Shangazi hakutazama. Aliinamisha kichwa akasikiliza. Tukasikia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakafika kwenye mpindo, injini ya baba ikaanza kuzama, ikawa nzito, nzito zaidi, na kwa muda mfupi nikadhani imezimika. Shangazi aliushika mkono wangu. Kisha ikasikika gia imeshuka, tk, na injini ikainua sauti, nzito na imara, na baba akapotea nyuma ya nyumba za juu.

Tulirudi kufanya kazi. Hakuna aliyefanya kazi. Karibu saa nzima ikapita, ndipo msimamizi akateremka peke yake. Shangazi alisimama mlangoni na mkasi mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha huko," msimamizi akasema. Alikuwa anatafuta namna ya kutocheka. "Tulipofika nyumba ya nane aliniambia namchelewesha. Njia ni yake, fundi. Nitaandika leo."

Shangazi akaitikia kwa kichwa tu. Akaenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi, na akakaa huko muda mrefu maji yakitiririka.

Baba alirudi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Alikaa kwenye kreti akaanza kusema. Mbwa wa geti la kijani amemsahau na amebweka kama kaona mwizi. Mita ya nyumba ya kona imezikwa na mchanga tena, na wenyewe wanamtazama tu anavyochimba. Mzee mmoja amemshikilia robo saa akibishia tarakimu. Jua kali, barabara mbovu, kalamu imevuja mfukoni. Kwa miezi saba hatukumsikia akilalamikia kazi. Shangazi akamsogezea maji ya kunywa, akazima cherehani ili asikike vizuri, na tukamwacha alalamike.