Fundi Mwenye Pini Mdomoni

Tulikuwa mafundi cherehani watatu kwenye chumba kimoja karibu na stendi, hapa Songea. Mwenye ofisi ni mama wa hasira za karibu. Akianza kufoka, hata mimi nisiyehusika napindisha mshono. Wa tatu ni dada kutoka Nalasi. Mkono wake ni mzuri kuliko wetu, ila kichwa chake hakipokei mambo mawili kwa pamoja. Ukimkatiza, kila kitu kinamtoka.

Siku moja alikata sketi ya shule ikawa fupi, tena si mara ya kwanza.

"Dada, ukiharibu kitambaa kingine, rudi kwenu ukaokote korosho," mama alimwambia.

"Sawa, mama," alijibu, machozi yamemlengalenga. Analea watoto peke yake. Niliumia.

Basi nikaanza kumchunguza, maana mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Mbona mvua ikinyesha hakosei? Nilidhani ni ubaridi. Kumbe mvua ikinyesha wateja hawaji, na wasipokuja hakuna salamu. Kwetu mtu haingii mahali kimyakimya: habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mashamba je? Dada alikuwa anaweka futi chini na kuitikia zote kwa adabu. Akimaliza, vipimo vimeshaondoka.

Nimwambie asiitikie? Mtaa mzima ungesema anaringa. Nikawaza siku mbili tatu, ndipo nikakumbuka: fundi mwenye pini mdomoni hadaiwi salamu. Anatikisa kichwa tu, yanaisha.

"Ukishika mkasi, bana pini mdomoni," nilimwambia.

"Hata kama sina cha kubania?"

"Hata kama huna."

Alicheka, lakini alizibana. Zikaja sare za kwaya, akazikata zote. Mama alizipima moja moja kama anayechambua mchele, asione kosa. Akaniuliza dada amekunywa dawa gani. Nikamweleza habari ya pini. Aliguna tu, akarudi kwenye cherehani yake.

Wiki iliyofuata dada alijisahau, akaitikia salamu katikati ya kazi, akakata mkono wa shati mfupi. Aliuinua sote tuuone. Mimi nikainama, nikingoja mama afoke.

Nilipogeuka, mama alikuwa amebana pini mdomoni, anahema kwa pua, na mikononi hana kitambaa.